Benchi la Kwenda Melbourne

Kisugu, Kampala
12 Mei 2024

Atim lakwara, mjukuu wangu,

Sisi wa huku wazima. Mvua imepiga wiki nzima, ukuta wa choo cha uani umeanguka, na sasa mtaa wote unajua saa ambayo Ojera anaenda haja. Yule Ojera sajenti mstaafu, aliyelinda lindo moja na babu yako Okeny. Bado ananipigia saluti, ila siku hizi akishapiga lazima ashike kitu. Kuku wangu wamebaki wanne.

Anayeandika ni Benedicte, fundi cherehani, Mkongo wa chumba cha mbele. Mimi kalamu naishika kama mwiko. Nimemwambia aandike nitakavyosema, asinipambe. Na usiniletee tena habari ya simu. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia likipenda. Kwenye simu unasema "niko sawa, Dayo" mara tatu, halafu inakatika. Barua, Benedicte ananisomea hata mara kumi na sauti yako inabaki chumbani.

Sasa neno lenyewe. Visa imetoka, karatasi yake ninayo chini ya godoro. Unataka nifike kabla hujajifungua mwezi wa tisa, nikae nawe. Mama yako Abwola angekuwa hai ingekuwa kazi yake. Hayupo, basi ni yangu. Nani mwingine atakukanda mgongo na kukupikia uji wa mtama? Nitakuja.

Si kwamba naogopa. Nilipanda lori la polisi kutoka Moroto mpaka Kabale, siku tatu, mama yako mgongoni, sikulia. Lakini Benedicte amenihesabia: masaa matano mpaka Dubai, kungoja hapo, kisha masaa kumi na manne bila kushuka. Kumi na manne! Lori letu lilikuwa linasimama tukapika ugali wa posho. Mtu mzima anakaaje masaa kumi na manne kama kuku anayeatamia? Miguu anaiweka wapi? Analalaje katikati ya watu asiowajua? Niambie yote, usinifiche.

Na Bonny hajanisalimia, barua mbili sasa. Mwambie mumeo kusoma sijui, kuhesabu najua.

Mimi Dayo, bibi yako.


Melbourne
3 Juni 2024

Dayo wangu,

Nimepiga magoti kukusalimu hapa jikoni. Kuinuka nitajua mwenyewe baadaye, tumbo limekuwa kubwa. Huku ni baridi, na saa kumi na moja jioni giza limeshaanza kuingia. Kazi yangu ni ile ile ya nyumba ya wazee. Leo nimemwogesha bibi mmoja wa miaka tisini. Mgongo wake ni kama wako, ule mfupa unaotokeza chini ya shingo. Niliukanda polepole mpaka akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana, sijasahau.

Safari yako nimeifikiria kila siku. Nimekukatia kiti cha njiani, siyo cha dirishani, ili uinuke bila kumwomba mtu akupishe. Inuka kila baada ya saa moja na nusu, tembea mpaka chooni urudi, hata kama huna haja. Ukikaa, zungusha vifundo vya miguu, kunja vidole na kuvikunjua, damu isilale. Maji, Dayo! Kunywa maji kila wanapopita nayo, hata bila kiu, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya Moroto. Tafuta soksi ndefu za kubana, zinazofika chini ya goti. Vazi lako la gomesi na mshipi wake viache sandukuni, vaa gauni pana. Vua viatu, miguu huvimba. Ndege ikipanda tafuna pipi, masikio yasizibe. Na taa zikizimwa, jifunike macho ulale, hata kama mwili wako unasema ni mchana. Nataka ufike umepumzika.

Tiketi ni ya tarehe 28 Agosti. Miaka saba sijakuona, na karatasi zangu za kuishi huku bado. Nikitoka nchi hii hawataniruhusu kurudi. Njoo tu.

Bonny ana kazi nyingi.

Atim wako.


Kisugu
30 Juni 2024

Atim lakwara,

Sisi wazima. Nafuna muuza mkaa amepata mjukuu wa saba na sasa hamsalimii mtu mwenye wajukuu chini ya watano. Kuku ni watatu. Mmoja tumemla, nitakuambia kwa nini.

Barua yako nimesomewa mara sita, na ile habari ya mgongo wa yule bibi mara ya saba. Ana bahati, na hata hajui. Wangu huku hakuna anayeugusa.

Soksi tulizifuata soko la Owino. Nikamwambia mama wa mitumba, "Nipe za kubana mpaka goti." Akanipa ndefu, nyekundu, ngumu kama gome la mti. Zinabana kweli. Nilipofika nazo nyumbani, Ojera alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hizo ni za golikipa!" Nikamwambia, "Sawasawa. Nami naenda kudaka mtoto."

Halafu nikawaza. Babu yako alikuwa akisema askari hapelekwi doria na viatu vipya, avitembelee kwanza. Nikasema nami nitaitembelea hii safari hapa hapa uani, masaa kumi na manne, niijue kabla haijanijua. Tukaazima mabenchi mawili kanisani. Moja tukaliegemeza ukutani, la pili tukalisogeza mbele mpaka magoti yakagusa, maana Benedicte anasema ndege ndivyo ilivyo. Ulisema kiti cha njiani, lakini mimi nilikaa katikati, kiti kibaya, ili kizuri kikija kinikute nimekomaa. Kulia Ojera. Kushoto Nafuna, ambaye peke yake ni abiria wawili. Benedicte akafunga kitambaa shingoni, akawa msichana wa ndege. Saa kumi na mbili asubuhi tukaruka.

"Wapendwa abiria," akasema, "leo tuna wali na maharage."

"Maharage, na milango imefungwa?" Nafuna akauliza. "Mnataka tufe kabla hatujafika?"

Saa mbili haijafika Ojera amelala begani kwangu, mdomo wazi. Nikampiga kiwiko. "Niko macho, afande!" akasema, akalala tena. Saa nne akaomba kushuka. Nikamwambia, "Unashuka wapi? Chini ni bahari." Akasema, "Basi nitaogelea," akaenda zake. Nafuna alivumilia mpaka wateja wa mkaa wakaanza kumtukana.

Mimi nikabaki. Ulisema niinuke, lakini kuinuka nani hajui? Nilitaka kuona kama naweza kutoinuka. Na maji sikuyagusa tangu jana yake jioni. Hilo nilijifunza kwenye lori: mke wa askari akisafiri hanywi, kwa kuwa dereva hasimamishi gari kwa ajili ya mkojo wa mwanamke. Giza lilipoingia, saa mbili, Benedicte akapiga sufuria, tumetua. Watu wa uani wakapiga makofi. Ndipo tukamchinja yule kuku.

Kwa hiyo tulia, naweza. Mguu wa kushoto umekuwa mzito kidogo, ni uzee tu. Benedicte anataka kuandika zaidi juu ya huu mguu. Nimemnyang'anya kalamu, nimemrudishia kwa masharti.

Bonny ana kazi hata Jumapili? Nauliza tu.

Mimi Dayo.


Melbourne
24 Julai 2024

Dayo,

Nakusalimu, nawasalimu wote wa uani. Barua yako niliifungua ndani ya basi, nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Halafu nikafika kwenye maji, kicheko kikaniisha.

Ulichofanya si kuijaribu safari, ni kujiumiza. Hii ndiyo kazi yangu, naijua: mzee akikaa siku nzima bila kunywa wala kuinuka, damu inaweza kuganda mguuni. Huo "uzito kidogo" ni nini? Umevimba? Una joto? Unauma ukiukanyaga? Nenda hospitali leo, siyo kwa muuza dawa wa njiani. Kisha niandikie ukweli. Benedicte nimempigia mara nne. Anasema "mama yuko, mama anakula vizuri" kama mtu aliyekaririshwa.

Kitanda chako nimeshakitandika, upande wa ukuta usiopitisha baridi. Kila asubuhi nakaa hapo kuvaa viatu, kwa sababu kiko juu kuliko changu na tumbo halinikubalii kuinama. Nikiinuka nanyoosha shuka tena, ukute hapajakaliwa.

Zimebaki wiki tano.

Bonny anasalimia.

Atim.


Melbourne
20 Agosti 2024

Dayo,

Siku nane zimebaki na sina barua yako. Hii nayo najua haitakuwahi, lakini siwezi kukaa kimya.

Nilikudanganya. Bonny hasalimii. Aliondoka mwezi wa nne, ana mtu wake mji mwingine. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje kwa kunihurumia. Nilitaka uje kwa kunitamani, kama mimi ninavyokutamani. Mtoto akicheza usiku hakuna wa kumwambia, weka mkono hapa.

Kama unaumwa, niambie unaumwa. Kama hutaki kuja, niambie hutaki. Tarehe 29 nitakwenda uwanja wa ndege hata hivyo.

Atim.


Kisugu
21 Agosti 2024

Atim lakwara,

Wengine wote wazima. Mimi ndiye si mzima, na nimekuficha.

Siku nne baada ya lile benchi mguu ulivimba kama shina la mgomba, ngozi inang'aa. Ojera na Nafuna walinibeba mpaka kwenye teksi, na Ojera njia nzima analia kama yeye ndiye mgonjwa. Damu imeganda, kama ulivyosema. Nililazwa siku tisa, sindano za tumbo kila siku. Daktari ni binti mdogo mwenye miwani. Akaniuliza, "Jajja, bibi yangu, ulikaa wapi siku nzima bila maji?" Nikamwambia nilikuwa naenda Australia. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Barua yako ilinikuta nimerudi nyumbani. Benedicte alitaka kukuambia kwa simu, nikamwambia akifanya hivyo asinijue tena. Usimkasirikie, alilia kuliko Ojera. Niliona nisubiri, daktari anaweza kubadili neno. Leo nimekwenda kumwomba. Nimepiga magoti, mimi, kwa mguu huu, mbele ya mtoto wa juzi. Aliniinua akanikalisha. Alisema vidonge mpaka mwisho wa mwaka, na ndege hapana mpaka yeye aseme. Kwa hiyo tiketi irudishe. Mtoto wako atakuja mimi sipo.

Sasa nikuambie kilichonikalisha pale benchini. Si ubishi, ingawa ubishi ninao. Niliogopa. Ndege siiogopi. Niliogopa kuwa kizee kinachomwomba mtu njia kila saa, watu wanasonya, "huyu naye tena." Nimemzika mume, nimemzika binti, nimekulea wewe, na sijamwambia mtu "nipishe". Nikasema nitakaa kimya mpaka nifike. Ujinga mtupu. Benedicte anasema neno ujinga ni kali. Andika, Benedicte.

Na wewe nawe kuna kitu. Mwanaume aliyepo hata akichoka hutuma salamu yake mwenyewe, mke hahitaji kuilazimisha kama uji wa mgonjwa. Bonny ameondoka. Kama unaona aibu usinijibu. Ila tafuta mwanamke wa kukaa nawe siku hiyo, yeyote, hata Mzungu, mradi mikono yake iwe na joto.

Mikono yangu iko huku, haina kazi.

Dayo.


Melbourne
6 Oktoba 2024

Dayo wangu,

Barua zetu zilipishana njiani, kila moja imebeba ukweli wake. Uwanja wa ndege nilikwenda kweli, ile tarehe. Nilisimama mpaka wa mwisho akatoka. Yako ilifika wiki mbili na nusu baadaye, siku niliyotoka hospitali na mtoto.

Nilimpigia Benedicte, amekwisha kukuambia kwamba ni msichana, amezaliwa tarehe 12 Septemba. Sikumwambia yaliyobaki. Mtoto alikaa vibaya, miguu chini kichwa juu, na hakugeuka mpaka mwisho, ikabidi wanipasue. Mwanamke niliyekaa naye ni Teresa, tunafanya kazi pamoja. Mikono yake ilikuwa na joto. Lakini kila alipoingia mtu nilitazama mlango.

Tulikaa ndani siku nne, kama desturi ya mtoto wa kike. Siku ya nne nikamtoa nje ya mlango ili apewe jina, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Jirani alikuwa anamwagilia maua, akatupungia mkono. Nikarudi ndani. Nilishindwa kumpa jina peke yangu. Karatasi za serikali nimewaambia wangoje.

Kidonda kinapona, ila siruhusiwi kuinua vitu vizito, na yeye ni mzito. Analala saa mbili, anaamka. Mimi hata akilala silali. Nasikiliza kama anapumua. Wiki tatu sasa. Jana nilipika chai nikaweka chumvi, nikainywa yote bila kujua.

Usije mpaka daktari aseme. Nakuomba kwa magoti. Lakini akisema, uje.

Atim.


Kisugu
2 Novemba 2024

Atim lakwara,

Tuko wazima, na safari hii wote.

Nikuulize: umekaa wiki tatu unatafuta jina la nini? Mtoto amekuja miguu mbele. Kwetu huyo hachaguliwi jina, anakuja nalo mwenyewe. Huyo ni Adoch. Hata wakikupasua mara kumi, miguu ilitangulia, wamemkuta amesimama. Waandikie hao wa serikali leo. Kisha jioni mtoe nje tena, simama mlangoni, umwite kwa sauti mara nne. Usimwonee haya jirani. Na mimi jioni hiyo hiyo nitasimama uani hapa nimwite. Nimemwambia Ojera, amesema atapiga saluti.

Daktari wangu wa miwani ameniona jana. Mguu umerudi mguu. Amesema tarehe 9 Desemba naweza kupanda ndege, na vidonge vyangu, na soksi za dawa alizonipima yeye mwenyewe. Zile nyekundu amezitazama akafumba mdomo. Kachukue tiketi. Kiti cha njiani.

Chai ya chumvi nimeifikiria sana. Mtu asiyelala hunywa chochote. Usimwambie mtu uko sawa. Teresa akija mwambie, "Mshike huyu, nilale." Si aibu. Mimi nilijifunza hilo hospitalini, na bei yake umeiona.

Dayo.


Angani, usiku wa 10 Desemba 2024

Atim lakwara,

Barua hii haiendi posta. Nitakupa mkononi, kwa sababu najua tukionana nitalia tu, na wewe utalia, na mtoto atatushangaa, na maneno yote yatapotea.

Anayeniandikia ni Kahambu, wa kiti cha pembeni yangu, mama wa Butembo, Kongo, anayemfuata kaka yake. Nilimsikia Dubai akimgombeza mtu wa mizigo kwa Kiswahili, nikamshika mkono, sikumwachia tena. Anasema kina Benedicte ni wengi huko kwao, huyu wetu hamjui.

Nimefanya yote. Maji nimekunywa mpaka msichana wa ndege ananiletea kabla sijainua mkono. Nimevua viatu. Soksi za daktari ziko miguuni. Vifundo nimevizungusha kama mtu anayesaga mtama. Kila saa moja na nusu naamka, natembea mpaka mwisho, narudi. Mara ya tatu nilikuta mzee mmoja Mzungu amesimama njiani, mkubwa kama kabati. Nikamwambia, "Nipishe." Kwa Kiswahili, nina kingine? Akanipisha. Hakusonya. Akanishika kiwiko mpaka nikapita. Atim, miaka sabini na tatu nilikuwa naogopa neno lile, na lilikuwa jepesi hivyo.

Chakula chao hakina chumvi. Nadhani wewe uliimaliza.

Sasa wamezima taa. Watu wote wamelala, wamejifunika mpaka kichwani kama maiti, Mungu anisamehe. Kahambu naye anasinzia, herufi zinamteleza. Ananiambia, "Mama, funga macho, ni masaa manane bado." Ulinitumia maneno mengi mazuri ya safari, na nimeyashika yote. Ila hilo moja la kulala sitalitii. Miaka saba nililala nikiamka hupo. Leo kila dakika ninayokaa macho nakuona unakaribia, na siwezi kuipoteza hata moja kwa usingizi.

Mimi sikuja kulala. Ukishasoma hapa, ikunje barua, nipe mtoto, uingie chumbani ufunge mlango. Usiamke mpaka mwili wenyewe ukuamshe. Akilia, niko hapa.